Hadubini ya karatasi: nimeitumia mihula mitatu darasani

Kwa miaka mingi somo la seli kwangu lilikuwa somo la foleni. Hadubini moja mezani, wanafunzi 40 wamejipanga, kipindi cha dakika 80. Ukishatoa muda wa kuandaa slaidi na kurudisha vifaa kabatini, kila mmoja anabaki na kama dakika moja na nusu ya kuchungulia, na sehemu kubwa ya hiyo anaitumia kutazama kope zake mwenyewe. Anainuka, namuuliza, "Umeona?" Anajibu, "Nimeona, mwalimu." Kisha anakwenda kuchora seli ya kwenye kitabu: kuta zimenyooka, kiini ni duara safi, mistari ya majina imepigwa kwa rula. Nilisahihisha michoro ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka nikijua fika kwamba aliyeichora hakuona kitu, na iliniuma.

Ndiyo sababu naandika kuhusu Foldscope. Ni hadubini inayokunjwa kwa karatasi, iliyobuniwa na Manu Prakash na Jim Cybulski katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na kuelezwa hadharani mwaka 2014. Kwa hesabu yao ya wakati ule, vifaa vya kuitengenezea havikufika dola 1. Bei ya kununua ni kubwa kuliko hiyo, lakini bado hadubini moja ya kawaida ya maabara inatosha kununulia za karatasi za darasa zima. Na hapo ndipo penye faida yote ninayotaka kuieleza: kila mwanafunzi anashika ya kwake.

Inakuja ikiwa bapa. Unabandua vipande, unakunja, unachomeka kimoja ndani ya kingine, na lenzi, ambayo ni punje ya kioo, inakaa katikati. Usiwakunjie. Darasa langu la kwanza lilimaliza kipindi kizima kwenye kukunja tu, nami nikadhani tumepoteza muda. Hatukupoteza. Wawili walikosea, upande wa ndani ukatokea nje, wakaona giza tupu. Wakakunjua, wakafuata mwanga unapoingilia hadi jichoni, wakagundua wenyewe ni kipande gani kilichoziba njia. Sijawahi kuifundisha njia ya mwanga vizuri hivyo kwa chaki.

Mwenzangu wa fizikia aliiazima kwa somo la lenzi, na sasa naiga zoezi lake. Hadubini hii inakuza mara 140. Kwa lenzi moja, ukuzaji ni umbali ambao jicho huona vizuri kwa karibu, milimita 250, ukigawanywa kwa urefu wa fokasi, yaani umbali kutoka kwenye lenzi hadi pale inapokusanya mwanga. Kwa hiyo gawanya 250 kwa 140: fokasi inatoka kama milimita 1.8. Mwanafunzi akishapata jibu hilo anaelewa kwa nini slaidi inakaribia kugusa kioo, na kwa nini kidole gumba kikiteleza kidogo tu picha inapotea. Hesabu iliyokuwa ubaoni anaisikia mkononi.

Sasa kitunguu. Tulibandua ngozi ile nyembamba ya ndani, tukaitandaza kwenye tone la maji, tukaongeza tone la iodini ili viini vionekane, tukafunika. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akisubiri nyuma ya mwenzake, niliwaambia watazame dakika 10 nzima kabla ya kushika penseli. Darasa likawa kimya, kila mmoja ameelekeza uso dirishani. Nilipopita kukagua michoro, msichana mmoja wa kiti cha mwisho alikuwa amechora duara kamili lenye ukingo mnene mweusi, ndani halina chochote. Akaniambia kwa wasiwasi, "Mwalimu, seli yangu haina kiini."

Kilikuwa kiputo cha hewa. Kiputo ndivyo kilivyo, pembeni cheusi kabisa kwa sababu mwanga unapinda sana unapotoka majini kuingia hewani. Zamani ningemwambia afute. Safari hii nilimwomba achore vingine viwili na apime ukingo wake, kisha aandae slaidi upya, ashushe kifuniko kwa kukiinamisha upande mmoja kwanza, taratibu, ili hewa itoroke. Alipotazama mara ya pili aliona kuta, safu kwa safu kama tofali, na viini vilivyosukumwa pembeni badala ya kukaa katikati kama kitabuni. Akauliza kwa nini viko pembeni. Tukazungumza juu ya vakuoli, mfuko mkubwa wa majimaji unaojaza seli ya mmea na kukisukuma kila kitu ukutani. Somo hilo nilikuwa nimelipangia wiki iliyofuata.

Ule mchoro wa kiputo nimeuhifadhi. Ndio mchoro wa kwanza, katika miaka yangu yote ya kazi, niliokuwa na hakika kwamba aliyeuchora ameona alichokichora.

Kwa vipimo, waambie waweke unywele mmoja kando ya ngozi ya kitunguu. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 50 hadi 100, yaani hauzidi sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo unakuwa rula yao. Maji ya kidimbwi nayo msiyakose. Paramesia, kiumbe wa seli moja mwenye urefu wa mikromita 200 au 300, anapita mbele ya jicho kwa kasi hadi wanapiga kelele. Uzi mmoja mmoja wa pamba ukiwekwa kwenye tone unampunguzia mwendo.

Nisiwafiche mipaka yake. Lenzi ya punje inatoa picha kali katikati na ukungu kandokando, na mduara unaoonekana ni mdogo. Jicho lazima lisogee mpaka kope zinagusa karatasi. Wanaovaa miwani nawaambia waivue. Dakika 20 mfululizo zinachosha. Inaweza kutenganisha vitu vilivyoachana kwa mikromita 2 hivi, kwa hiyo kloroplasti, sehemu za seli ya mmea zinazotengeneza chakula, utaziona kama nukta za kijani, ila bakteria wengi hutawapata, na usiwaahidi wanafunzi kwamba watawaona. Tena, haina kile ambacho mitihani huuliza kuhusu hadubini ya lenzi mbili: lenzi ya jicho, lenzi za chini zinazozungushwa, skrubu kubwa na ndogo ya kurekebisha. Hata picha yake haigeuki juu chini kama ya ile. Shule inayofikiria kuuza hadubini zake ili inunue hizi itakuwa imekosea.

Jambo moja nalisema kila kipindi, na nawaomba walimu wenzangu walirudie mpaka lichoshe: mwanga uwe wa dirisha, taa au anga, kamwe si jua lenyewe. Lenzi hukusanya mwanga, na jicho liko milimita chache tu kutoka kwenye lenzi. Mimi huwakalisha wote wakiwa wameupa mgongo upande wa jua kabla hawajainua mikono.

Kwenye simu inashika kwa sumaku ndogo, na picha zinatoka vizuri. Lakini mimi huruhusu simu baada ya mchoro, si kabla. Mwenye picha hachori, na asiyechora anaacha kutazama.

Katika hadithi ya sayansi, wanafunzi wangu wamempenda Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft, Uholanzi, ambaye mwaka 1676 aliiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, kuhusu viumbe wadogo aliowaona majini. Naye alitumia lenzi moja tu aliyoitengeneza mwenyewe. Wakiwa na karatasi yao mkononi, habari yake hawaihesabu kuwa ya kale.

Je, ninunue? Kama una hadubini moja nzima ya maabara, itunze, kisha nunua za karatasi zinazotosha kila mwanafunzi. Ukilazimika kubana matumizi, moja kwa wawili inafaa, mmoja akitazama mwenzake anachora anachosimuliwa, halafu wanabadilishana. Moja kwa watano usifanye, utakuwa umerudisha foleni. Waandike majina yao kwa penseli kwenye karatasi, kila mmoja aitunze ya kwake ndani ya daftari ikiwa imelala bapa. Mkanda mwangavu wa kutengenezea slaidi za karatasi nunua mwingi kuliko unavyodhani. Kwangu uliisha wiki ya pili.