Kamusi ya Kiskoti mtandaoni: kumsaka linksi na manyoya yake

Kujua Waskoti wa zamani walimwitaje linksi, yule paka mwitu mwenye vishungi masikioni kama simbamangu ila mkia kipande, anzia tovuti ya Dictionaries of the Scots Language, yaani kamusi za Kiskoti, lugha ya Skoti iliyo ndugu wa Kiingereza. Ni ya bure. Imeunganisha kamusi mbili: DOST (Dictionary of the Older Scottish Tongue), juzuu 12 zilizotoka 1931 hadi 2002, inayokomea maneno ya mwaka 1700, na SND (Scottish National Dictionary) inayoendelea kuanzia hapo. Kwa linksi, ng'ang'ania DOST.

Achana na kisanduku cha utafutaji wa haraka. Kinakutaka ujue tahajia, na tahajia ya wakati ule haikushikika: u, v na w zilipokezana, s ikageuka c au z, wingi ukaishia -is. Fungua utafutaji wa kina, chagua DOST peke yake na maandishi yote, kisha andika lynx, maana fasili zote ni za Kiingereza. Halafu rudi kwenye vidahizo, yaani maneno yanayofafanuliwa, ujaribu luc*, lus* na luz*. Nyota husimamia herufi zozote. Kwa nini lu-? Waingereza wa karne ya 16 walimwita lucern au luzern, Wafaransa loup-cervier.

Hapa pana mtego. Lucern ni taa pia, na lucerne ni majani ya kulishia ng'ombe. Usiamini neno tupu, soma nukuu yake: ukiona furrit (limetiwa manyoya) au lynit (limetiwa bitana), gauni la mahameri na bei pembeni, hayo ni manyoya. Jizoeze kwanza na mertrik, jamaa wa kicheche, ambaye ngozi yake inatajwa sana.

Kinachoudhi ni vifupisho vya vyanzo. Treas. Acc. ni hesabu za mweka hazina wa mfalme. Usipolijua hilo, utaichukua orodha ya manunuzi kuwa habari za wanyama wa Skoti. Ngozi za bei ziliingia kwa meli kutoka Baltiki, kwa hiyo neno kwenye hesabu halithibitishi kwamba mnyama aliishi Skoti. Hilo linathibitishwa na mifupa, kama ile ya mapango ya Inchnadamph, kaskazini mwa Skoti.

Na lile neno lugh linalotajwatajwa kuwa jina la linksi ni la Kigaeli, lugha nyingine ya Skoti, si Kiskoti. Litafute kwenye kamusi ya Kigaeli.