Flashi ya simu au hali ya usiku?

Gizani, mimi huanza na hali ya usiku. Simu hupiga picha kadhaa mfululizo na kuziunganisha, kwa hiyo rangi ya ngozi hubaki ya kweli na hata ukuta wa nyuma huonekana. Tatizo ni mtoto anayekimbia: hutoka ukungu mtupu. Hapo flashi ni bora, mradi awe karibu. Mwanga wake hufifia haraka mno. Aliye mita 2 hupata robo tu ya unaomfikia aliye mita 1. Ndiyo maana wa mbele hung'aa paji la uso, wa nyuma wakamezwa na giza.

Mchana, mtu akiwa amegeuzia jua mgongo, washa flashi bila kusita. Kivuli usoni hupungua, macho yakaonekana.