Kifurushi cha kuoteshea nyanya cheri nyumbani: mbegu safi, maelekezo hayafai joto la Dar

Nilikinunua duka la pembejeo Kariakoo. Ndani kuna pakiti ya mbegu 20, tofali la kokopiti la gramu 650, trei ya matundu 24 na karatasi ya maelekezo. Nimetumia vifurushi viwili: cha kwanza nilisia Desemba, cha pili mwishoni mwa Aprili.

Mbegu sina la kulalamikia. Pakiti ilikuwa na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, haijafunguliwa, na tarehe yake ya mwisho wa matumizi ilikuwa bado. Cha kwanza ziliota 18, cha pili 19, kuanzia siku ya 5 hadi ya 9. Ni chotara na ni aina ndefu, kwa hiyo mche unapanda hadi umpite mtu kimo. Kama una kibaraza kifupi, ulizia aina fupi.

Kokopiti ndiyo iliyonisumbua mwanzoni. Hutengenezwa kwa makumbi ya nazi, na yale ya bei nafuu huja na chumvi ndani. Karatasi inasema loweka kwa lita 4 za maji kisha jaza trei. Ukifanya hivyo tu, kingo za majani ya miche zitageuka kahawia na juu ya kokopiti utaona utando mweupe. Iloweke, ikamue, umwage maji, urudie mara mbili. Na usitumie maji ya kisima yenye chumvi, maana utakuwa unarudisha ulichokitoa. Maji ya bomba au ya mvua yanatosha.

Sia mbegu moja kila tundu, kina cha nusu sentimita, funika kidogo, kisha kalisha trei kwenye sinia lenye maji ili inyonye kutoka chini. Ukimwagia kwa juu kwa kopo, mbegu zinahama na nyingine zinazama. Zikianza kutoa kichwa tu, peleka trei kwenye jua la asubuhi siku hiyohiyo. Miche ikikaa ndani siku mbili tatu inarefuka, inakuwa myembamba kama uzi na haisimami tena vizuri. Kuanzia saa 5 asubuhi iwekee kivuli.

Kinachoua miche mingi hatua hii ni ugonjwa wa kinyausi. Shina linalegea pale linapogusana na udongo, linakuwa jembamba na lenye majimaji, kesho yake mche umelala. Chanzo ni maji kuzidi na hewa kutopita. Acha juu pakauke kidogo kabla ya kumwagia tena, na usimwagie jioni. Jambo jingine ambalo karatasi haisemi: kokopiti haina chakula. Yakitoka majani mawili ya kweli, yaani yanayofuata yale mawili ya kwanza ya mbegu, mche hupauka. Upe mbolea ya NPK 19:19:19, gramu 1 kwa lita 1 ya maji, mara moja kwa wiki.

Sasa kalenda. Karatasi inasema sia mwezi wa 3. Huo ni ushauri wa nchi zinazotoka kwenye baridi. Dar, Machi unaingia masika: miche inalowa kila siku, kinyausi na ukungu vinafuata. Desemba nako ni kosa, na mimi nililifanya. Miche ilinawiri kweli, majani mazito, maua yakajaa Februari, kisha yakapukutika. Tazama kikonyo cha ua: katikati kuna kifundo kidogo. Kifundo kikigeuka njano, ua litadondoka kesho au keshokutwa. Mchana ukivuka nyuzi 32 na usiku usiposhuka chini ya 24, chavua inakosa nguvu na tunda halifungi. Mbolea haitibu hilo. Ukiongeza yenye naitrojeni nyingi utapata majani tu. Hata yaliyofunga yalibaki rangi ya chungwa, kwa sababu joto kali huzuia wekundu kukamilika. Hayo yachume yakianza kubadilika, yaivie ndani kivulini.

Miche niliyosia mwishoni mwa Aprili ilitoa maua katikati ya Juni, usiku ukiwa umepoa, na vishada vilifunga karibu vyote. Kwa Dar huo ndio msimu wa kuuheshimu.

Kuhamishia: siku ya 28 hivi, mche ukiwa na majani manne au matano ya kweli. Ndoo ya lita 20, mche mmoja tu, matundu 6 chini. Nyeupe ni bora. Nyeusi ikipigwa na jua inachemsha mizizi, ukiwa nayo ivalishe kiroba. Changanya udongo sehemu 2, samadi iliyooza sawasawa 1, pumba za mpunga 1. Samadi ya kuku mbichi inaunguza. Zika shina hadi karibu na majani ya chini, litaota mizizi. Simika fito mapema kabla mizizi haijasambaa. Vunja machipukizi ya kwapani yakiwa na urefu wa kidole, ubakize mashina mawili.

Kibaraza kisicho na upepo, tikisa vishada vyenye maua kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Maji: lita 1 kwa siku mwanzoni, 2 hadi 3 ukiwa na matunda, na usiruke siku. Ndoo ikikauka kisha ikaloweshwa ghafla, matunda yanapasuka.

Mche ukinyauka ghafla majani yakiwa bado ya kijani, kata kipande cha shina la chini, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, huo ni mnyauko bakteria. Hauna dawa: ng'oa, tupa na udongo wake, osha ndoo kwa jiki. Ndiyo maana sichukui udongo palipokuwa na bilinganya, nyanya chungu au pilipili, mazao yanayougua ugonjwa huohuo. Majani yakijikunja na kudumaa, huo ni ugonjwa wa virusi uitwao rasta, unaletwa na inzi weupe. Ng'oa pia, usiuonee mche huruma.

Trei ni nyembamba, zangu zilipasuka pembeni nilipokuwa nasukuma miche kutoka chini. Ningeshauri ununue pakiti ya mbegu peke yake kama inapatikana, kokopiti na trei utafute kwingine. Mbegu zikibaki, zifunge kwenye chupa kavu yenye mfuniko na uziweke kwenye friji. Unyevu wa Dar unaziharibu zikikaa kabatini hadi Aprili ijayo.