Ndege yetu ya Dubai–Nairobi iligeukia Mombasa kuongeza mafuta: uzoefu wangu

Nawapa nyota nne kati ya tano. Kampuni siitaji jina, maana ninayotaka kueleza yanamhusu kila anayepanda ndege ya usiku kutoka Ghuba na kufika Nairobi alfajiri. Lalamiko langu nao nimeshalipeleka kwa maandishi.

Safari yenyewe haikuwa na neno. Tulichelewa kuondoka Dubai, lakini chakula kilikuwa cha moto, blanketi zilitosha, na watoto walilala. Tulipokaribia Nairobi ndipo kapteni alipotangaza kwamba ukungu umeufunika uwanja wa Jomo Kenyatta na waongoza ndege wametuweka kwenye foleni. Ulikuwa msimu wa mvua, na asubuhi za namna hiyo si ngeni pale. Uwanja uko zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na njia ya kurukia ni moja tu. Isipotumika hiyo, wote wanaokuja husubiri hewani.

Kilichonifanya niandike ni maneno yaliyofuata. Kapteni alisema, kwa Kiingereza na kisha mhudumu akayarudia kwa Kiswahili kizuri: "Tuna mafuta ya kuzunguka hapa dakika 25. Ukungu usipoinuka ndani ya muda huo tutakwenda Mombasa. Mafuta ya kutufikisha Mombasa tumeyatenga, hatutayagusa." Basi. Hakutupa hadithi ndefu wala kutuambia "tafadhali vumilieni" kila baada ya dakika tatu.

Mama mmoja wa makamo aliyekaa karibu nami alinigusa mkono. "Mwanangu, kwani mafuta yanatuishia?"

"Hapana mama," nikamwambia. "Yanayokwisha ni yale ya kusubiria. Ya kwendea kwingine yapo, na ya akiba yapo."

Nafuatilia mambo ya ndege kwa mapenzi tu, kwa hiyo nilimweleza kama ninavyoeleza hapa. Ndege ya abiria haijazwi tangi mpaka pomoni, kwa sababu mafuta ni uzito, na uzito wenyewe huchoma mafuta. Hupakiwa kwa hesabu: ya kutembea uwanjani, ya safari, nyongeza ya dharura ndogondogo ambayo kwa kawaida ni asilimia 5 ya mafuta ya safari, ya kufika uwanja mbadala, kisha akiba ya mwisho ya dakika 30 kwa ndege za jeti. Hiyo akiba ya mwisho haipangiwi kutumika. Rubani akiona atatua ikiwa imeshaguswa, anatakiwa kutangaza Mayday, yaani wito wa dharura. Sasa angalia: asilimia 5 ya safari ya saa tano ni kama dakika 15 tu. Kapteni wetu alikuwa na 25, kwa hiyo nadhani aliiangalia hali ya hewa ya Nairobi kabla ya kuondoka akaamua kubeba ziada. Kwangu huo ndio ufundi niliolipia, kuliko hata kiti.

Muda ulipotimia tuligeuka. Kwenye skrini ile ramani iliyokuwa ikichora duara juu ya duara ikanyooka kuelekea pwani. Hapo ndipo kelele zilipoanza, na zilizidi tulipotua Mombasa watu wakawasha simu na kusikia kwamba ndege nyingine imetua Nairobi muda mfupi baada ya sisi kuondoka. Kaka mmoja alisimama akasema kapteni ni mwoga.

Sikubaliani naye hata kidogo. Wakati wa kuamua, hakuna aliyejua kwamba ukungu ungepasuka. Waliosubiri bila kuamua tunawajua. Tarehe 25 Januari 1990, Boeing 707 ya Avianca kutoka Colombia iliwekwa kusubiri zaidi ya saa moja ikielekea New York kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Marubani walisema mafuta yanapungua, wakaomba kipaumbele, lakini dharura hawakuitangaza. Injini zilizimika na ndege ikaanguka Long Island. Watu 73 wakafa. Na wapenzi wa kandanda hawajaisahau Novemba 2016, ndege ya LaMia iliyobeba timu ya Chapecoense ilipoanguka karibu na Medellín baada ya kuanza safari bila akiba inayotakiwa. Walikufa watu 71. Nikikumbuka hayo, saa kadhaa za kuchelewa sizioni kuwa kitu.

Hata kujaza mafuta Mombasa kulifanywa kwa utaratibu. Tuliambiwa tufungue mikanda, tusisimame kwenye njia, simu zizimwe, na wahudumu wakasimama milangoni muda wote lori la mafuta lilipokuwa limeunganishwa chini ya bawa. Mikanda hufunguliwa ili watu waweze kutoka haraka likitokea la kutokea. Wengi hawakulijua hilo, na mhudumu aliyekuwa upande wetu alilieleza kwa upole kila alipoulizwa.

Nyota iliyopotea ilipotelea hapo hapo Mombasa. Lori lilishaondoka, nasi tukabaki ndani kwa muda mrefu. Hewa ilikuwa nzito, joto la pwani mnalijua, na maji ya kunywa yakaisha. Ofisi yao ya uwanjani haikuleta hata katoni moja. Waliokuwa wanaunganisha kwenda Kisumu, Entebbe na Bujumbura hawakuambiwa lolote kuhusu ndege zao, na wakaazi wa Mombasa waliotaka kushukia pale walikataliwa bila kuelezwa sababu, ingawa sababu ipo: mizigo yao ilikuwa chini pamoja na ya wengine, na uhamiaji ulipangwa Nairobi. Mtu akielezwa hutulia. Kapteni alilijua hilo. Wenzake wa ofisi ya uwanjani hawakulijua.

Nairobi tulifika karibu na adhuhuri. Yule mama alikuwa na dawa za presha kwenye begi lililokuwa chini ya ndege, na hazikuweza kufikiwa mpaka wakati huo. Tafadhali, dawa zibebeni mkononi, za siku nzima, hata kama safari ni ya saa tano. Na anayeunganisha Nairobi asubuhi za msimu wa mvua ajiachie nafasi ya saa tatu au zaidi kati ya ndege na ndege, hasa kama tiketi mbili zimenunuliwa mbalimbali, maana hapo hakuna kampuni itakayokubali kubeba hasara yako.

Nimeshakata tiketi nyingine kwao. Safari hii nimechagua ndege inayofika mchana.