Miezi mitatu ya akili mnemba katika kurasa za duka la kanga

Tangu mwezi wa Ramadhani ulipoandama hadi Idi ya kuchinja, kipindi cha miezi mitatu na siku kadhaa, nimesimamia kurasa za Instagram na TikTok za duka la kanga na vitenge la dada yangu, lililoko Kariakoo, kwa msaada wa zana mbili za akili mnemba. Ya kwanza ni huduma ya kulipia kutoka nje ya nchi, iliyotengenezwa mahususi kwa wasimamizi wa mitandao ya kijamii: unaiunganisha na akaunti zako, nayo inakupangia kalenda ya mwezi mzima, inaandika maelezo ya kila chapisho na kulirusha saa iliyopangwa. Ya pili ni programu ya mazungumzo ya kawaida, ya aina ya ChatGPT, Gemini au Claude, ambayo niliitumia bila kulipa chochote. Zote mbili sitazitaja kwa majina, kwa kuwa ninachopima hapa ni aina ya kazi ambayo kila moja inaimudu.

Kalenda ndiyo iliyonifanya nilipie ile huduma, na kalenda hiyohiyo ndiyo iliyonikatisha tamaa mapema. Iliniuliza aina ya biashara, nchi na mtindo wa lugha ninaoutaka, kisha katika muda usiozidi dakika moja ikanikabidhi mpango wa siku 30 wenye punguzo la bei la majira ya machipuko, wakati huku mvua za masika zilikuwa zimetufungia wateja majumbani. Ramadhani nzima ilitengewa chapisho moja la salamu. Yeyote aliyewahi kuuza nguo Kariakoo anajua kwamba kumi la mwisho ndilo linalobeba mauzo ya mwezi, na kwamba Mfungo Mosi ukiingia, harusi zilizosubiri mfungo uishe huja kwa mkupuo, kila kamati ikitafuta sare ya doti kadhaa za rangi moja. Kwa hiyo machapisho ya sare yanapaswa kuanza kuonekana Ramadhani yenyewe, ili kamati ziweke oda mapema. Nilipoyaeleza hayo, huduma ilinipa kalenda mpya iliyokuwa nzuri kweli, ila kila kilichoifanya iwe nzuri kilikuwa kimetoka kwangu.

Kosa lililotugharimu hasa lilihusu saa. Huduma iliandika kwamba mzigo mpya ungeonyeshwa mubashara “saa 7 jioni”, nami, kwa uvivu ambao sina wa kumsingizia, niliuacha ujumbe huo utoke bila kuusoma. Katika Kiswahili hakuna saa saba ya jioni: ama ni saa saba mchana, ama mwandishi alikusudia saa moja usiku. Wateja kadhaa waliingia mchana wakakuta ukurasa umelala, na mmoja akaandika kwamba duka hili siku hizi linafuata saa za Ulaya. Tangu siku hiyo kila tangazo lenye saa naliandika mwenyewe.

Lugha nayo ina mushkeli wake. Mifumo hii imefunzwa kwa maandishi ambayo sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na hata Kiswahili chake kinanukia taarifa ya habari: sarufi imenyooka, lakini hakuna mtu anayemwita mteja kwa sauti hiyo. Aibu ilitupata tulipofika kwenye majina ya kanga. Kanga, kama inavyojulikana, ina pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani ule usemi ulioandikwa juu ya pindo la chini. Mnunuzi mara nyingi hununua jina kwanza, na rangi hufuata, kwa sababu jina ndilo linalosema kwa niaba yake. “Usisafirie nyota ya mwenzio” ni jina la kanga. Nilipoiomba huduma maelezo ya doti ambayo jina lake halikuonekana vizuri kwenye picha, ilijitungia: “Upendo ni safari isiyo na mwisho.” Mteja mmoja wa makamo akauliza, “Dada, hilo jina mmelitoa wapi?” Tukalifuta chapisho.

Baada ya hayo yote, msomaji anaweza kudhani kwamba nitashauri zana hizi ziachwe. Sivyo, kwani ile programu ya bure ilifanya kazi ambayo mimi nisingeifanya hata kwa mwezi mzima. Nilipakua kutoka Meta Business Suite, zana ya Meta ya kusimamia kurasa za Facebook na Instagram, jedwali la takwimu za machapisho ya miezi 6, nikaliweka katika programu hiyo na kuiagiza iyapange machapisho kwa mada badala ya tarehe, kisha ionyeshe yapi yalihifadhiwa na kutumwa kwa watu wengine, mbali na yale yaliyopendwa tu. Matokeo yalipindua mpango wetu wote. Picha za mzigo mpya zenye bei, ambazo tulikuwa tukizirusha karibu kila siku, zilipata mioyo mingi lakini hazikwenda mbali. Video fupi ambazo dada anaeleza jina la kanga na wakati wa kumpa mtu zilikuwa chache, lakini ndizo watu walizotumiana. Niliitaka pia ionyeshe mistari ya jedwali iliyotumia kufikia hesabu zake, na nilifanya vyema, maana wastani mmoja ulikuwa umekosewa na programu yenyewe ikakiri mara ilipolazimika kuhesabu upya mbele yangu.

Nikafanya hivyo pia kwa maswali ya wateja, baada ya kufuta majina na namba za simu. Hatua hiyo naisisitiza: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na mteja aliyeacha namba yake ili apewe bei hakuiacha ili ipelekwe kwenye mtambo wa watu wengine. Kati ya maswali yote, lililojirudia kuliko hata la bei lilikuwa kama tunatuma mikoani. Tulirekodi video moja inayoonyesha doti zikifungwa, zikiandikwa na kupelekwa kwenye basi, tukaibandika juu ya ukurasa, na swali hilo likapungua waziwazi.

Maelezo ya machapisho sasa tunayapata kwa njia nyingine. Dada anazungumza kwenye simu kwa dakika tatu au nne kuhusu kanga iliyo mbele yake, sauti inageuzwa kuwa maandishi, na programu inapewa amri moja tu: ipunguze bila kuongeza neno. Kazi ya kupunguza inaiweza vizuri.

Picha za kutengenezwa sikuzijaribu zaidi ya mara mbili, kwani herufi za jina zilitoka zimevurugika, na kumwonyesha mteja nguo ambayo haipo dukani ni kumdanganya, hata kama TikTok na Instagram zina alama za kutambulisha maudhui ya aina hiyo.

Mwenye biashara ndogo anayeuza kwa Kiswahili nashauri aanze na programu ya bure na jedwali la takwimu zake mwenyewe. Huduma ya kulipia itamfaa anayesimamia kurasa nyingi kwa pamoja, ambaye kurusha machapisho kwa wakati ni mzigo kuliko kuyaandika, mradi ausome kila mstari kabla haujatoka. Sisi usajili wetu tumeusitisha, na fedha hizo dada amenunulia kinasa sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, kwa kuwa kelele za barabarani zilikuwa zikimeza nusu ya maneno yake.