Ziara ya Thogoto na Kikuyu: nendeni, ila ulizeni stori ya 1929

Kama unakaa Nairobi na unavijua vijiji vya huku Kikuyu kwa ploti na fleti tu, hii ziara ya Jumamosi ya kutembea kwa miguu ichukue. Mnakutana steji asubuhi, mnamaliza kama saa saba hivi, bei si mbaya, na chai na nduma ziko ndani.

Mama anayetembeza watu ni mzaliwa wa hapo hapo, hasomi karatasi, na hilo peke yake linatosha kulipia. Kwa makaburi ya wamisionari hakuanza na wazungu, alianza na ile njaa kubwa ya 1898 na 1899 na ndui juu yake, watu wanakufa, watoto wanabaki bila mtu wanachukuliwa misheni, halafu ndo akafika kwa Thomas Watson, mmisionari wa Scotland aliyefungua misheni hapo 1898 akafa 1900, na mkewe Minnie akabaki anafundisha miaka na miaka, majivu yake yakaletwa kuzikwa kando ya bwanake. Yaani parokia ilikuwa na shida zake kabla reli haijafika Nairobi 1899!

Church of the Torch, kanisa la hiyo misheni, ni nzuri sana, mawe matupu, na kila mtu anapiga picha juu Kenyatta alibatizwa Thogoto 1914. Sawa. Lakini hapo ndo naona ziara inapungukiwa. Kanisa lilijengwa kuanzia 1928 likafunguliwa 1933, na katikati yake kuna 1929, misheni inataka waumini waweke alama ya kidole kukana tohara ya wasichana, wengi wakakataa wakatoka wakajianzishia shule zao, zile za Karing'a. Familia za hapa ziligawanyika na hayo mawe yakiendelea kupandishwa, na sisi tukaambiwa sentensi mbili tukasonga. Nilipomuuliza alieleza vizuri sana, kwa hivyo anajua, basi aweke kwa ziara.

Na Waiyaki wa Hinga pia, yule kiongozi wa Wakikuyu, alikamatwa na Waingereza Fort Smith, Kabete, mwaka wa 1892 akafia Kibwezi, na misheni yenyewe ilianzia Kibwezi kabla ya kuhamia huku, mbona hivyo viwili havitajwi pamoja?

Nyota nne. Vaeni viatu vya matope kama imenyesha, na mwende na wazee wenu wenye asili ya huko, watamsaidia mama kwa mengi.