TAHADHARI: stesheni ya solda "ya Japani" inayouzwa Ngamiani ni feki

Mafundi wenzangu wa Tanga, na nyie wa Muheza na Korogwe mnaofuata vifaa mjini, someni hapa kabla hamjatoa hela. Nimepigwa laki mbili na themanini mchana kweupe kwa stesheni ya solda, ile mashine ya kuyeyushia solda ya kushikisha vipuri kwenye bodi, na hasira niliyonayo sijui niipeleke wapi.

Nina kazi ya kutengeneza inveta za mzee mmoja, mteja wangu. Bodi zote ni za solda isiyo na risasi, inayotaka joto kubwa zaidi, na chuma changu cha wati 40 hakikufua dafu. Nikaenda kwa huyu muuzaji wa Ngamiani. Sikukurupuka: ana fremu yake, wengi wenu mmenunua vipuri kwake na lawama sijawahi kuzisikia. Boksi lilikuwa na nailoni yake, limeandikwa Hakko FX-888D (Hakko ndiyo kampuni ya Japani), mashine yenyewe rangi zilezile za bluu na njano, kitabu ndani.

Akaniambia, "Sheikh wangu, usiniamini mimi, amini macho yako." Akachomeka, akaweka nyuzi 350, namba zikapanda mbio. Akavuta droo, akatoa waya wa solda, akagusa ncha. Ukayeyuka papo hapo, tone linang'aa. Akachukua bodi chakavu, akashikisha mguu wa kapasita ndogo, ukashika safi kabisa. Wateja waliokuwa pale wakasema mashallah. Nani angekataa? Nikalipa kwa simu nikiwa nimesimama.

Sasa sikieni mchezo ulipo. Ule waya wa kwenye droo ulikuwa wa risasi, 63/37 (bati 63, risasi 37), unayeyuka nyuzi 183. Wetu wa kazi hii, SAC305 isiyo na risasi, unaanza kulainika nyuzi 217, na kimguu cha kapasita hakinyonyi joto lolote. Nimeugusa mguu wa graundi wa inveta, pale shaba ilipo pana, skrini bado inadai 350, solda imekuwa nzito kama uji uliolala na ncha imegandia humohumo. Nikapandisha 420. Pedi, kile kibati cha shaba kinachoshika mguu, ikang'oka na njia yake. Bodi ya mtu! Aibu niliyoipata mbele ya mzee anaijua Mungu.

Nikafungua plagi. Waya mbili tu, pini ya ethi, ile ya kupeleka umeme unaovuja ardhini, haina kitu! Umeme ukivuja unaishia kwenye aisii (chipu) ya mteja au mkononi mwako. Ncha nayo imeshaliwa kishimo, ile ngozi ya chuma juu ya shaba ni jina tu. Nimerudi dukani, ananijibu mali ikitoka hairudi. Sasa hivi simu yangu hapokei.

Mkienda kununua, kwa yeyote yule, bebeni SAC305 yenu na bodi yenye shaba nene. Na mita ya kupimia umeme: kutoka kwenye ncha mpaka pini ya ethi isizidi omu 2. Sanduku likiwa jepesi mkononi, transfoma ya maana hamna, ondokeni.

Ila huyu asiachwe. Kukamata bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, na risiti ninayo, boksi ninalo, malalamiko nimeshaanza kuyaandika. Nani mwingine kauziwa? Njoo inbox twende wote. Arudishe hela yangu, alipe bodi ya mzee, na mzigo wote uliobaki stoo uteketezwe mbele yake.